MOTA IMEKUFA AU IMEUAWA? Somo la droni mbovu kwa sisi tunaouza mtandaoni

Leo naleta somo lililonigharimu pesa, wewe lichukue bure.

Mimi nipo Mwanga, Kigoma, mwisho wa reli. Nina kibanda karibu na soko. Nauza chaja, spika, simu za mtumba na kila kitu cha umeme ambacho mwenyewe amekichoka. Wateja wangu wengi siwaoni sura. Wananipata kwenye status ya WhatsApp na kwenye magrupu, wanatuma pesa, nawatumia mzigo. Ukiuza hivyo, mali yako kubwa sio bidhaa, ni neno lako. Hilo nilikuwa nalijua kwa mdomo tu. Nikaja kulijua kwa droni.

ILIVYOKUWA

Mwaka juzi kijana mmoja alikuja na droni ya kamera, zile ndogo za mikono minne. Aliiangusha ufukweni Kibirizi, pale wanapoanika dagaa. Mota tatu zinazunguka, moja kimya. Akataka 180,000. Nikaona hii ni bahati, nikatoa pesa.

Nikampelekea fundi wa simu jirani yangu. Akaniambia, "Mota imeungua, tafuta mota." Nikaagiza Dar, ikafika kwa basi, jumla 45,000 na usafiri. Ufundi 20,000. Ikawaka, mota zote nne zikazunguka. Nikapiga picha nzuri, nikaandika: "Ipo vizuri kabisa, kama mpya." Haikumaliza siku mbili, akainunua mpiga video wa harusi wa Ujiji kwa 520,000.

Piga hesabu: nimeweka 245,000, nimepata faida 275,000. Usiku ule nililala mfalme.

Wiki iliyofuata akaipeleka kazini. Ikiwa juu ya watu wanaocheza, mota ileile, mkono uleule, ikasimama. Droni ikashuka kama jiwe, ikapiga turubai, ikadondoka hatua mbili kutoka alipokaa mtoto wa bibi harusi. Mtoto hakuguswa, Mungu mkubwa.

Yule mpiga video hakunitukana. Alikuja kibandani, akaiweka mezani, akaniuliza: "Kaka, ulikuwa unajua?"

Nikamwambia sikujua. Na ni kweli sikujua. Lakini nilipokuwa peke yangu nikajiuliza: je, nilitafuta kujua? Jibu likawa hapana. Niliona mapanga yanazunguka, nikaridhika. Nilimrudishia pesa yake yote 520,000 kwa mafungu mawili.

Ndipo nikaipeleka kwa mzee mmoja wa Gungu, fundi wa redio na televisheni tangu zama za betri za mkaa. Alifungua, akaweka mita, hazikupita dakika tano. Akacheka, akasema: "Mwanangu, wewe umemzika marehemu bila kuuliza kilichomuua." Mota ya kwanza haikufa yenyewe. Iliuawa na bodi. Na mimi nikampa muuaji mota nyingine.

Hilo ndilo somo la leo. Mota iliyoungua mara nyingi ni matokeo tu. Kabla hujanunua, hujatengeneza wala hujaandika tangazo, jua kwanza kilichoiunguza.

DRONI INAVYOFANYA KAZI, KWA UFUPI

Mota za droni za kamera hazina brashi ndani. Kila moja ina nyaya tatu. Betri haiendi moja kwa moja kwenye mota, inapita kwenye kidhibiti mwendo kinachoitwa ESC. ESC ina transista ndogo ndogo, mafundi wanaziita mosfeti, zinazofungua na kufunga umeme kwa zamu kwenye zile nyaya tatu, mara maelfu kwa sekunde. Zamu hiyo ndiyo inayoivuta sumaku ya mota izunguke. Kwenye droni ndogo, ESC za mikono yote minne mara nyingi zipo kwenye bodi moja.

Sasa angalia hatari ilipo. Droni ikianguka, panga likanaswa na nyasi au wavu, na mwenye rimoti bado anasukuma, mota inashindwa kuzunguka. Umeme unapita mwingi mahali pamoja. Koili ya mota inapata moto, na ile mosfeti inapata moto. Anaweza kufa mmoja, wanaweza kufa wote. Mbaya kuliko yote ni mosfeti kuumia nusu: inafanya kazi leo na kesho, keshokutwa inakufia angani. Yangu ilikuwa hiyo.

MASWALI MANNE KABLA YA KUTOA PESA

Muulize muuzaji kwa upole, sio kama polisi:

1. Ilianguka wapi? Nyasi, mchanga, lami, au maji?
2. Ilipokwama, uliendelea kuilazimisha iruke?
3. Baada ya kuanguka umeiwasha mara ngapi?
4. Betri yake iko wapi, na imevimba au la?

Yule kijana wa Kibirizi ningemuuliza swali la pili tu, angeniambia. Alikuja kuniambia baadaye kabisa, tena bila kuficha: ilinaswa kwenye wavu wa kuanikia dagaa, akasukuma rimoti karibu nusu dakika akidhani itajinasua.

VIPIMO, KWA MPANGILIO WAKE

Ondoa betri. Ondoa mapanga yote. Usiruke hatua hii hata kama una haraka. Panga la droni linakata kidole.

Hatua ya 1: Anza na vya bei ndogo.
Angalia mapanga uliyoyatoa. Yapo ya aina mbili, ya kuzunguka kulia na ya kuzunguka kushoto. Ukiyafunga kinyume, droni inapinduka inapotaka kuruka, na mwenyewe atakuapia kwamba mota ni mbovu. Panga lenye pengo au ufa linatetemesha droni nzima na kuipa mota joto. Nimewahi kununua "droni mbovu" ambayo ugonjwa wake ulikuwa mapanga mawili yamebadilishana nafasi.

Hatua ya 2: Macho na pua.
Tazama koili za shaba kwa ndani. Zikiwa rangi ya shaba inayong'aa, vizuri. Zikiwa nyeusi, zimeungua. Nusa. Harufu ya waya ulioungua haijifichi hata baada ya mwezi. Angalia pia nyaya tatu pale zinapopita kwenye mkono wa droni, kwa sababu mkono ukivunjika waya hukatika ndani huku ganda la nje likionekana zima.

Hatua ya 3: Kidole.
Zungusha kila mota taratibu kwa kidole, linganisha zote nne. Kusita kidogo kidogo ni kawaida, ni sumaku. Ila sikiliza haya:

- Inakwaruza kama inasaga chumvi: kuna mchanga. Mchanga wa ufukweni kwetu una chembe nyeusi zinazovutwa na sumaku, na mota ina sumaku ndani. Zikishaingia hazitoki kwa kupuliza tu. Tumia brashi laini na kipande cha gundi ya karatasi kuzinasa.
- Inagusa sehemu moja kila mzunguko: shafti imepinda, au kikombe cha juu kimebonyea.
- Inacheza juu na chini: beringi imechoka, au kipini cha chini kimetoka.
- Inazunguka kwa uzito, kama umeiingiza kwenye asali: hapa simama. Huu ndio ugonjwa wangu.

Hatua ya 4: Nani muuaji?
Mota nzito ichomoe kwenye bodi, kwa plagi au kwa kuyeyusha risasi kwenye nyaya zake tatu. Hakikisha nyaya zile hazigusani. Zungusha tena.

Ikiwa imekuwa nyepesi baada ya kuchomolewa, mota ni nzima. Ubovu upo kwenye bodi, mosfeti imepiga shoti.

Ikiwa bado ni nzito hata ikiwa peke yake, na haina mchanga wala haijapinda, shoti ipo ndani ya koili za mota.

Kipimo hiki hakihitaji hata mita. Kidole tu. Mimi nililipa 520,000 kwa kutokukijua.

Hatua ya 5: Nyaya mbili mbili.
Mota ikiwa imechomolewa, gusanisha waya wa kwanza na wa pili, zungusha. Lazima uhisi inakaza kidogo. Fanya wa pili na wa tatu, kisha wa kwanza na wa tatu. Mara zote tatu ikaze sawasawa. Jozi moja isipokaza, koili imekatika. Mota ya namna hiyo ikiwashwa hutetemeka mahali pamoja bila kuzunguka. Lakini kuwa makini: mota nzima nayo hutetemeka hivyo hivyo kama risasi ya waya mmoja imeachia kwenye bodi, au mosfeti moja imekufa. Kwa hiyo kutetemeka peke yake sio hukumu.

Hatua ya 6: Mita kwenye bodi.
Mita ya kupimia umeme, ile ndogo ya njano, mimi nilinunua 15,000. Iweke kwenye alama ya mlio. Betri iwe imetoka, na usubiri dakika moja ili kapasita zimalize chaji. Gusa waya mmoja wa mita kwenye chanya ya betri pale kwenye bodi, mwingine upitishe kwenye sehemu tatu za mota, moja moja. Kusiwe na mlio. Rudia kwa hasi ya betri. Kusiwe na mlio. Fanya hivyo kwa mikono yote minne.

Ikilia hata sehemu moja, mosfeti ya mkono huo imepiga shoti. Usifunge mota mpya hapo. Utaiua.

Isipolia, usishangilie bado. Hamisha mita kwenye alama ya dayodi, pima tena sehemu zile zile, linganisha namba za mkono mgonjwa na za mikono mizima. Mkono mmoja ukitoa namba za peke yake, huo una mashaka. Kipimo hiki ndicho kinachowakamata wale walioumia nusu, ingawa sio wote.

Hatua ya 7: Kubadilishana.
Vipimo vikiwa safi lakini bado kuna tatizo, hamishia mota unayoishuku kwenye mkono mwingine. Ugonjwa ukihama na mota, mota ndiyo mbovu. Ugonjwa ukibaki kwenye mkono ule ule, bodi ndiyo mbovu. Tafadhali, usianze na hatua hii. Mosfeti yenye shoti inaunguza mota nzima, na mota yenye shoti inaunguza bodi nzima. Ukianza kubadilishana kabla ya kupima, utaondoka na wagonjwa wawili badala ya mmoja.

Hatua ya 8: Iwashe bila mapanga.
Iweke mezani, iwashe, zungusha mota dakika moja moja kwa mwendo mdogo. Zima, gusa mota zote. Ziwe na joto linalofanana. Moja ikiwa ya moto kuliko wenzake, rudi hatua ya 3. Rudia mara tano au sita, sio mara moja kama nilivyofanya mimi.

DRONI ZA WATOTO

Zile za bei ndogo ni tofauti. Mota zao zina brashi na nyaya mbili tu. Chomoa mota, iguse sekunde moja kwenye betri yake ya volti 3.7. Ikizunguka kwa nguvu, mota ni nzima, tafuta ubovu kwenye bodi au kwenye nyaya. Isipozunguka, imekwisha. Mota hizi brashi zake huisha, hilo ni jambo la kawaida, sio ajali. Ukinunua nyingine, linganisha rangi za nyaya, maana zipo za kulia na za kushoto.

ILIYOLALA ZIWANI

Huku kwetu droni nyingi zinaishia Tanganyika. Zikiokolewa huwa ni zile zilizoanguka kando, maana ziwa letu kwenye kina kirefu linapita mita 1,400, huko umeshaaga. Maji yetu ni baridi, sio ya chumvi kama ya baharini, kwa hiyo bodi hailiki haraka kama ya mtu wa Dar. Lakini usidanganyike. Kinachoua ni kuiwasha ikiwa na maji.

Toa betri hapo hapo. Ifungue yote. Safisha bodi kwa mswaki laini na alkoholi ya isopropili, ile kali ya kusafishia bodi za simu. Petroli na tina zinakula plastiki, usitumie. Kuifukia kwenye mchele hakutoi uchafu uliokwisha kukauka chini ya vifaa vya bodi. Iache mbele ya feni siku mbili, ndipo upime kama nilivyoeleza. Ukiona ukungu mweupe au wa kijani kwenye miguu ya vifaa, kutu imeshaanza.

Betri iliyozama au iliyovimba usiichaji na usiiuze, hata kwa bei ya kutupa. Betri hizi za lithiamu zinaweza kuwaka moto zenyewe. Iweke nje, ndani ya ndoo ya mchanga, mbali na mali yako.

SASA TUONGEE BIASHARA

Baada ya vipimo, mimi naziweka droni katika mafungu matatu.

Fungu la kwanza, mota peke yake. Bodi safi, mikono yote inalingana. Hii nunua, tengeneza, uza.

Fungu la pili, uchafu au maji, na bado haijalazimishwa kuwaka. Nunua kwa bei ya chini, kwa sababu unanunua na wasiwasi.

Fungu la tatu, bodi imeumia. Mosfeti inaweza kubadilishwa na fundi mwenye mashine ya upepo wa moto, lakini njia za shaba za bodi nazo zinaweza kuwa zimeungua. Bodi nzima ukiagiza ni ghali, na baadhi zinakataa kuelewana na kamera mpaka zisawazishwe kwa programu ya kiwandani. Hii mimi nainunua kama spea tu: kamera, rimoti, mikono, mota zilizobaki. Ile droni yangu niliishia kuiuza vipande vipande, nikapata 150,000. Ukitoa kwenye 245,000 nilizoweka, nilipoteza 95,000. Hiyo ndiyo ada yangu ya shule.

Kabla ya kulipa, mwambie muuzaji aiondoe droni kwenye akaunti yake mbele yako, na akuonyeshe alivyoipata. Droni iliyofungwa kwenye akaunti ya mtu, au iliyoibwa, haina fungu.

Na tangazo langu siku hizi ninaliandika hivi:

"Droni ya kamera, imetumika. Iliwahi kuanguka kwenye mchanga. Mota ya nyuma kushoto imebadilishwa, ya zamani ninayo, unaweza kuiona. Bodi imepimwa mikono yote minne, video ya vipimo ninayo. Betri moja nzima, moja imechoka. Jaribu siku saba. Usajili na kibali cha kuruka ni juu ya mnunuzi."

Najua unawaza nini: ukiandika hivyo si utafukuza wateja? Wengine wanaondoka, ni kweli. Anayebaki hapunguzi bei ovyo, kwa sababu ameshaelewa anacholipia. Wahenga walisema mficha uchi hazai.

Hilo la kibali msilichukulie mzaha. Droni hapa nchini inahitaji usajili na kibali cha Mamlaka ya Usafiri wa Anga Tanzania, TCAA. Na sisi wa Kigoma tuna uwanja wa ndege karibu na makazi. Mimi sirushi kumwonyesha mteja. Namwonyesha mezani bila mapanga, anayeirusha ni mwenye kibali chake.

Soko lenyewe lipo, wala halipungui. Mwaka 2018 droni zilibeba dawa za majaribio kutoka Mwanza hadi kisiwa cha Ukerewe, kilomita 60 kwa kama dakika 40. Leo harusi, mashamba na viwanja vinapigwa picha kutoka juu. Zinazoruka zikiongezeka, na zinazoanguka zitaongezeka. Anayejua kupima atakula hapo. Anayekisia atarudisha pesa za watu.

Yule mpiga video wa Ujiji hajanunua kitu kwangu tena. Tukikutana tunasalimiana vizuri, ananiuliza hali ya nyumbani, anaendelea na safari yake. Pesa nilimrudishia yote. Kitu kingine alichoniachia mezani siku ile ni lile swali lake, na hilo sijapata namna ya kulirudisha. Kwa hiyo kila nikishika droni ya mtu, najiuliza mwenyewe kabla mteja hajaniuliza: je, unajua?

Mwenzako anayeuza vitu vya mtumba mfikishie somo hili. Biashara njema, na Mungu atulindie mitaji yetu.